Stata Inazunguka, Gari Haliwaki

Nyumbani kwetu, Jumanne na Ijumaa zilianza na kiatu.

Kilikuwa kiatu cha mguu wa kulia wa Baba. Mama alipiga magoti sakafuni, akashika kisigino, akasukuma. Mguu haukusaidia. Ulikaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. Baada ya kiatu likaja shati, kisha vifungo, kisha chanuo. Kazi yote ilichukua saa nzima.

Miezi minne kabla, Baba alipatwa na kiharusi. Kiharusi kiliondoka na mkono wake wa kulia, mguu wake wa kulia na maneno yake yote. Kilisahau neno moja tu, nalo ni "haya". Akiwa na njaa alisema "haya". Akiwa na hasira alisema "haya". Chai ikimwagikia kifuani, "haya".

Zamani Baba aliishi kwa maneno. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari letu dogo jeupe lilikuwa darasa lake. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kiti cha abiria akiwatazama watu wazima wakitetemeka mbele ya usukani. Mama naye alikuwa mwanafunzi wake. Alifeli mtihani mara mbili, akafaulu mara ya tatu, akaolewa na mwalimu. Mpaka leo anamwita Mwalimu.

Somo la mwisho la Baba lilijulikana mtaa mzima. Mwanafunzi akishaanza kujiamini, akishaanza hata kupiga mluzi, gari lilizima lenyewe kwenye barabara tulivu. Baba alikunja mikono na kusema, "Haya, dereva. Utafanya nini?" Wengi walimwita mama yao. Tulipomuuliza kwa nini gari lilizima siku ile tu, alijibu kwamba gari linajua nani anajidai. Tukacheka, tusiulize tena. Tulipaswa kuuliza tena.

Sasa Mama ndiye aliyeendesha. Baba alikaa kiti chake kile kile cha abiria, lakini hakuwa mwalimu tena. Alikuwa mzigo unaopelekwa hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Alijua hivyo. Alitazama nje ya dirisha njia nzima.

Mimi nilifika nyumbani kutoka shule ya bweni Jumatatu moja nikiwa na sanduku la bati, godoro na barua. Barua ilisema nikae nyumbani majuma mawili nitafakari tabia yangu. Ilieleza kwamba nilivisha kengele ya shule soksi. Ni kweli. Niliufunga ulimi wa kengele kwa soksi nzito ya michezo, na asubuhi yake wasichana mia nne walilala kwa amani. Walimu hawakuithamini amani hiyo.

Mama aliisoma barua akiwa amesimama. Hakunigombeza. Aliikunja mara nne, akaiweka juu ya kabati, akaendelea kukamua nguo. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo nyumbani ni mabaya.

Kesho yake, Jumanne, kiatu kikavaliwa, Baba akaingizwa garini. Mama akazungusha ufunguo. Stata, ile mota ya kuamsha injini, ikazunguka kwa sauti ile ya kawaida, na gari likawaka. Likawaka kwa muda wa chafya moja. Kisha likazima.

Mama akajaribu tena. Stata ilizunguka vizuri kabisa, lakini injini haikushika. Akajaribu mara ya tatu, ya nne, ya tano. Hakuna.

"Haya," alisema Baba, akitazama mbele.

Mvua nyepesi ilikuwa ikianguka kwenye kioo. Tulimtoa Baba, tukamrudisha ndani, tukamvua kiatu.

Mama alimpigia simu kaka yake. Mjomba alikuja upesi, maana mjomba wangu hupenda sana matatizo ya watu wengine. Mtaani wanamwita Nimeshajua. Unaweza kumwambia sentensi nusu, naye nusu ya pili anayo.

"Dada, gari limefa—"

"Halijafa, kaka. Stata inazunguka lakini—"

"Nimeshajua. Betri."

Ikaja betri nyingine. Stata ikazunguka kwa nguvu zaidi. Gari halikuwaka.

"Nimeshajua," alisema Mjomba. "Betri ilikuwa inaficha ubovu wa stata."

Ikaja stata nyingine. Mjomba aliifunga akiwa amelala chini, miguu nje, akiimba. Akaketi kwenye usukani na kuzungusha ufunguo bila kuuachia. Alizungusha mpaka tukasikia harufu ya waya unaoungua. Gari halikuwaka.

Ijumaa ikafika. Mama alikodi gari la mtu ili Baba asikose mazoezi. Tukamvalisha, tukamtembeza hadi getini. Pale Baba akashika nguzo ya geti kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, na hakuachia. Tulibembeleza. Dereva alitazama saa. Mama alijaribu kumfungua vidole kimoja kimoja, akashindwa.

"Anaona haya mbele ya watu," Mama aliniambia baadaye jikoni. "Gari letu angepanda."

Ndani, alijaribu kumnyoosha vidole vya mkono wa kulia, kama alivyofundishwa. Baba aliuvuta mkono akaufunika kwa shuka. Vidole vilikuwa vimeanza kujikunja.

Jumanne ya pili Mjomba alikuja na plagi mpya nne za kutoa cheche. Gari halikuwaka. Siku hiyo hiyo mtaalamu wa mazoezi alimpigia Mama simu. Mama aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Mama, mgonjwa amekosa mara tatu," alisema yule mtaalamu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioogopesha. "Vidole visiponyooshwa vinakakamaa. Vikishakakamaa kabisa, mimi sina la kufanya. Na watu wanaosubiri nafasi yake ni wengi. Asipofika Ijumaa hii, nitalazimika kumpa mwingine."

"Atafika," Mama alisema.

Akakata simu kwa kiwiko. Akasimama pale na mikono yake ya unga, akitazama ukuta.

Mjomba alikuna kichwa. Kisha macho yake yakanigeukia taratibu, kama taa ya askari.

"Dada," alisema, "huyu binti yako Balaa alirudi lini?"

"Jumatatu."

"Na gari lilikataa lini?"

"Jumanne."

"Nimeshajua."

Naomba msomaji anielewe. Miaka miwili kabla, niliwahi kuingiza soksi kwenye ekzosi ya pikipiki ya Mjomba. Lilikuwa jaribio la kisayansi. Basi sasa nilikuwa na soksi mbili kwenye historia yangu, na mtu mwenye soksi mbili haaminiwi hata akiapa. Niliapa. Mama hakusema ananiamini, wala hakusema haniamini. Alisema tu, "Kama ni wewe, mwanangu, niambie sasa. Sitakupiga. Niambie tu."

Ningefurahi kama angenipiga.

Alhamisi alasiri nilivuka uzio, nikabisha kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa fundi wa magari kwenye karakana ya malori kwa miaka mingi, na siku hizi anafundisha ufundi chuoni. Watu wanamheshimu lakini hawamwiti mara kwa mara, kwa sababu hana haraka hata kidogo. Kila kitu chake huanza na neno "kwanza". Kwa hiyo jina lake ni Mama Kwanza.

"Shikamoo, Mama Kwanza."

"Marahaba. Kengele haijambo?"

Habari zilikuwa zimeshavuka uzio kabla yangu. Nilimweleza shida. Akanawa mikono, akachukua kisanduku chake, akaja. Baba alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mama Kwanza alimwamkia yeye kwanza, kwa heshima zote.

"Habari za leo, Mwalimu. Naomba ruhusa niliguse gari lako."

"Haya," alisema Baba, na akatazama kando.

Mjomba alikuwa ameshafungua boneti. "Fundi, tumeshabadilisha betri, stata na plagi. Nimeshajua kilichobaki. Ni kompyuta ya gari."

"Kwanza," alisema Mama Kwanza, "funga mdomo kidogo, mdogo wangu. Nataka nisikie gari."

Akamwambia Mama azungushe ufunguo, ahesabu hadi tano, aache.

"Umesikia?" akaniuliza mimi.

"Stata inazunguka."

"Inazunguka haraka au kwa kujikokota?"

"Haraka."

"Basi betri ina nguvu, na stata ni nzima. Vilikuwa vizima tangu siku ya kwanza. Betri ingekuwa imechoka, ungesikia injini inazunguka kwa uvivu, au mlio wa tik-tik-tik, au kimya. Gari lilikuwa linawaambia. Nanyi mkamtibu masikio mgonjwa wa tumbo."

Mjomba alikohoa.

"Na msizungushe stata muda mrefu," aliendelea. "Ni sekunde chache, kisha mnaipumzisha. Mkiing'ang'ania mnaiunguza, na betri mnaimaliza. Sasa, mama, nieleze siku ya kwanza gari lilifanya nini. Usiniambie unachodhani. Niambie lilichofanya."

Mama alifikiri. "Liliwaka kidogo. Kidogo sana. Kisha likazima."

"Aha! Na baada ya hapo?"

"Halikushika tena hata mara moja."

Mama Kwanza aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha akaniangalia mimi.

"Njoo mbele, wewe mshtakiwa. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: mafuta, cheche na hewa. Tena vije kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, stata itazunguka mpaka jioni bure. Kazi yetu ni kuuliza kila kimoja, upo? Akijibu, tunamwacha, tunakwenda kwa mwenzake. Tunaanza na rahisi. Mafuta yapo?"

Nikatazama dashibodi. "Mshale unasema robo."

"Mshale hudanganya."

"Niliweka mafuta Ijumaa ile ya mwisho tuliyokwenda hospitali," alisema Mama.

Mama Kwanza akalisukuma gari kwa nyonga mara mbili, sikio karibu na tangi. Tulisikia mafuta yakicheza ndani. "Yapo. Sasa hewa." Akafungua chujio la hewa. Lilikuwa na vumbi, lakini halikuziba. Akaenda nyuma, akainama, akachungulia ndani ya ekzosi kwa tochi. Alichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna soksi," alitangaza.

"Asante," nilisema.

"Bado hujaachiwa huru. Cheche."

Alinusa kwanza kuhakikisha hakuna petroli iliyomwagika. Akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza kwenye chuma cha injini. Aliishika kwa koleo lenye mpini wa mpira. "Mkono mtupu usithubutu," alisema. "Umeme wa hapa hauna adabu. Zungusha!"

Mama alizungusha. Kwenye ncha ya plagi iliruka cheche ndogo ya buluu, tak, tak, tak.

"Cheche ipo, tena ina afya. Kwa hiyo?"

"Hewa ipo. Cheche ipo," nilisema polepole. "Mafuta yapo kwenye tangi..."

"Kwenye tangi. Injini iko wapi?"

"Mbele."

"Na tangi?"

"Nyuma." Ndipo nikaona. "Mafuta hayafiki!"

"Ndiyo sababu liliwaka kama chafya. Yale yaliyobaki kwenye bomba yaliungua, mengine hayakuja. Sasa nyamazeni wote. Mama, geuza ufunguo, taa za dashibodi ziwake tu. Usipige stata."

Aliniweka kwenye kiti cha nyuma, sikio juu ya godoro la kiti. Chini yake ndipo ilipo pampu ya mafuta. Alisema kwamba kwenye gari kama hili, ufunguo ukigeuzwa, pampu huvuma kwa sekunde mbili hivi kabla hata ya stata.

Mama akageuza. Nilisikia mvua nyepesi iliyokuwa imeanza. Nilisikia Mjomba akipumua. Pampu sikuisikia.

"Kimya," nilisema.

"Nimeshajua!" Mjomba alidakia. "Pampu imekufa. Naenda kuitafuta sasa hivi."

"Kwanza," alisema Mama Kwanza, na safari hii hakutabasamu. "Taa ya chumbani ikizima, unang'oa taa au unaangalia swichi? Keti."

Mjomba akaketi kwenye ndoo.

Mama Kwanza alifungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya pampu ilikuwa nzima. Akachomoa rilei ya pampu, kile kidude cha mraba kinachopokea amri ya ufunguo na kupeleka umeme. Akaichomeka mahali pa rilei ya honi, kwa kuwa zilifanana. Akabonyeza honi. Ilipiga mpaka Baba akashtuka barazani. Rilei nzima. Mwisho akainua kiti cha nyuma, akachomoa waya wa pampu, akagusa kwa testa yake yenye kijitaa. Mama akageuza ufunguo. Kijitaa hakikuwaka.

"Umeme unatoka mbele na haufiki nyuma," alisema. "Kwa hiyo pampu haina kosa. Haijaletewa chakula. Waya umekatika katikati, au umekatwa. Tuufuate."

Waya ulipita chini ya zulia, ukiambaa na milango. Mama Kwanza aliinua zulia, mimi nikiangaza tochi. Ulipofika kiti cha abiria, waya ulifanya jambo la ajabu. Uliacha njia yake ukapinda, ukaingia chini ya kiti, upande wa mlango. Nilipenyeza mkono. Vidole vyangu viligusa kitu kidogo, kigumu.

"Kuna swichi hapa."

Wote waliinama. Ilikuwa swichi ndogo nyeusi, imefungwa kwa skrubu mbili, kazi nadhifu ya mtu mwenye subira. Vumbi lilikuwa limejaa pembeni mwake. Juu ya kitufe hakukuwa na vumbi hata chembe.

Mama Kwanza alinionyesha kwa kidole. Nikabonyeza. Tik. Mama akageuza ufunguo, na kutoka nyuma ikaja sauti laini: vuuum. Sekunde mbili, kisha kimya.

"Piga stata, mama."

Gari likawaka. Likaunguruma kana kwamba halijawahi kututesa. Hakuna aliyeshangilia.

"Nimeshajua," alisema Mjomba, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni huyu. Nani mwingine hucheza hivi?"

Mama alizima injini. Aliniangalia. Nilikuwa sijawahi kuiona swichi ile, nikafungua kinywa kusema hivyo, na maneno hayakuja. Kwa dakika ile nilijua jinsi Baba anavyoishi.

"Kwanza," alisema Mama Kwanza taratibu. "Nani hukaa kiti hiki?"

Mvua ilikuwa imekatika. Nilikumbuka wanafunzi wote wale waliowaita mama zao barabarani. Nilikumbuka Baba akikunja mikono. Mtu aliyekaa kiti cha abiria akiteremsha mkono wa kushoto, unafika pale pale. Ule mzima.

Tuligeuka, wote wanne, tukatazama barazani.

Baba alikuwa akitazama ndara zake. Kisha akainua mkono wa kushoto juu ya kichwa, taratibu, kama mwanafunzi anayekiri darasani.

"Wewe?" Mama alisema. "Mwalimu? Wewe?"

"Haya," alisema Baba.

Mjomba alisema ana mtu anamsubiri, akaenda zake. Mama alikaa kwenye ngazi ya baraza. Hakulia. Kulia kungekuwa nafuu.

"Majuma mawili," alisema. "Nilikuvalisha kiatu kile. Nilikubembeleza getini. Vidole vyako vinajifunga, nawe unajua, na unazima gari?"

Baba hakuinua uso.

Mama Kwanza alianza kukusanya vifaa vyake. "Kazi yangu ni gari, jirani, na gari limepona. Lakini hili lingine nalo msilibahatishe. Mlibadilisha vyuma vitatu kabla hamjauliza swali moja. Huyu naye, mmeshamuuliza?"

"Hawezi kujibu," alisema Mama.

"Gari nalo halina mdomo," alisema Mama Kwanza. Akavuka uzio.

Nilikaa kwenye ngazi, nikauchukua mkono wa kushoto wa Baba. Nikamwambia, "Nikiuliza, ndiyo ni kuminya mara moja, hapana ni mara mbili. Sawa?" Akaminya mara moja. Miezi minne, na hakuna aliyekuwa amewaza jambo dogo hivyo.

"Mazoezi yanauma?"

Mara moja.

"Ndiyo sababu ulizima?"

Mara mbili.

"Ni yule mtaalamu? Anakutendea vibaya?"

Mara mbili.

Nikakwama. Ndipo Mama, bila kugeuka, akasema, "Ijumaa ile ya mwisho alifaulu kuingiza kijiti kwenye tundu. Vile vijiti vya rangi, vya watoto. Chumba kizima kikapiga makofi. Wakasema, hongera babu."

Baba ana miaka hamsini na moja.

Mkono wake uliniminya mara moja. Uliminya kwa nguvu na haukuachia.

"Na mimi nilipiga makofi," alisema Mama. Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika.

Maji yalidondoka kutoka kwenye paa. Nikasema ninalolijua.

"Baba, ile kengele. Niliivisha soksi kwa sababu sikutaka kuamka. Nilikuwa nikiamka nakumbuka kwamba wewe huzungumzi. Nilidhani isipolia, asubuhi haitafika. Ilifika vile vile. Tena nikachelewa kifungua kinywa."

Kutoka kifuani mwa Baba ilitoka sauti kama ya gari lililowaka kwa muda wa chafya. Sijui kama ilikuwa kicheko. Mama aligeuka kumtazama.

"Nikiwaambia wakuite Mwalimu," alisema, "na nikiwaambia mtu asipige makofi, hata mimi, utakwenda kesho?"

Alimpa mkono. Sikuona Baba aliminya mara ngapi. Nilipomuuliza Mama kwa macho, akaenda kutafuta kiatu, akakiweka tayari karibu na kitanda.

Ijumaa Baba alikwenda. Nilirudi bweni Jumatatu iliyofuata, nikaombewa msamaha na Mama mbele ya kengele.

Nisidanganye. Baba hakupona. Niliporudi likizo, miezi miwili baadaye, maneno yalikuwa bado hayajarudi, na mguu bado ulisubiri kusukumiwa kiatu. Lakini vidole vya kulia vilikuwa havijakakamaa. Viwili viliweza kunyooka, polepole, kama watu wazee wanaoamka. Mezani kulikuwa na kijiti cha rangi nyekundu. Hakuna aliyekisifu. Mjomba alikuwa akisema "nimeshajua" kama zamani, ila sasa aliposema, Mama alijibu, "Umelisikiliza kwanza?" Swichi ilibaki chini ya kiti. Mjomba alitaka kuing'oa, Mama akakataa. Alisema gari lina mwenyewe.

Jumanne ya kwanza ya likizo niliingia kiti cha nyuma. Mama akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, gari likawaka kama chafya, likazima.

Baba alikuwa akitazama mbele, mkavu kabisa.

Mama alijaribu mara moja tu, akaachia. Hakung'ang'ania. Alirudisha ufunguo, akaugeuza nusu, akainua kidole ninyamaze. Tulisikiliza. Nyuma yangu kulikuwa kimya. Hakuna mvumo wowote chini ya kiti.

"Haya," alisema Baba.

Lilikuwa somo la mwisho. Wote tulijua sehemu iliyobaki ya sentensi ile.

"Stata inazunguka, betri nzima," Mama alisema, akitazama usukani. "Pampu haivumi. Sitabadilisha kitu, Mwalimu. Nitasubiri."

Alikunja mikono.

Mkono wa kulia wa Baba ulitoka magotini. Mkono ule mbovu. Ulivuka tumbo lake, ukakwama kwenye mkanda, ukatetemeka, ukashuka upande wa mlango. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mama alitazama saa ya dashibodi, kisha akaacha kuitazama. Niliikalia mikono yangu ili isije ikapiga makofi.

Tik.

Mama akageuza ufunguo upya, na chini yangu pampu ikavuma.